Saa ya mkono uliyorithi: namna ya kuitambua na kujua bei yake

Saa ya marehemu ikitolewa kabatini, jambo la kwanza wengi wetu hufanya ni kuisugua. Inapitishiwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia shaba, inapelekwa kwa fundi ibadilishwe kioo na mishale na kupakwa uso rangi mpya, halafu ndipo watu wanaulizana itauzwa bei gani. Mambo yakienda hivyo, sehemu kubwa ya bei imeshapotea kabla swali halijaulizwa. Anayenunua saa ya zamani analipia kile kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Mikwaruzo ya miaka 50 ya kuvaliwa anaivumilia, lakini mng'aro wa wiki iliyopita unamfukuza.

Hatua ya 1: Iache ilivyo, kusanya kilichokuwa nayo

Usiitie majini hata kama nyuma imeandikwa "Waterproof". Raba inayozuia maji hukauka na kupasuka, na saa iliyolala kwenye droo miaka 20 haina tena kinga yoyote. Usiipige msasa wala polishi. Futa vumbi la nje kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kuna jambo moja tu linalotaka haraka: kama ni saa ya betri na imesimama, fundi aitoe betri mapema, kwa sababu betri iliyokufa huvuja na dawa yake hula mashine.

Kisha tafuta kila kitu kilichokuja na saa hiyo: sanduku, risiti, kadi ya dhamana, hata vipande vya cheni vilivyotolewa mkono ulipokuwa mwembamba. Cheni halisi ya Rolex au Omega ina bei yake peke yake, na nimeona zikitupwa kwa kuwa zimelegea. Waulize wazee wa nyumbani saa ilinunuliwa wapi, mwaka gani, nani alimpa nani. Ikiwepo picha ya marehemu akiwa ameivaa, ihifadhi pamoja nayo. Ushahidi wa aina hiyo hauwezi kununuliwa baadaye. Mwisho, piga picha zako mwenyewe za uso, mgongo, mbavu zote mbili na kila namba inayoonekana, kabla saa haijatoka nyumbani kwenda kwa mtu yeyote.

Hatua ya 2: Jua inaendeshwa na nini

Shika kitufe cha pembeni, kile cha kutilia ufunguo, ukizungushe mbele polepole bila kukivuta. Saa ya ufunguo itaanza kukaza kidogo kidogo, na ukihisi imekaza, simama. Ya otomatiki hujijaza kwa mwendo wa mkono: ndani mna kipande kizito cha chuma kinachozunguka, na ukiigeuza saa karibu na sikio utakisikia. Seiko nyingi za otomatiki za miaka ya 1970 na 1980 hazitiwi ufunguo kwa mkono kabisa, kwa hiyo kitufe kikizunguka bure usidhani imeharibika. Iyumbishe taratibu kushoto na kulia, itaanza.

Mshale wa sekunde nao unasema. Ukiruka mara moja kila sekunde, hiyo ni saa ya betri. Ukionekana kama unateleza, kwa sababu unapiga hatua ndogo tano mpaka nane katika sekunde moja, mashine ni ya springi. Seiko ilitoa saa ya kwanza ya mkono ya aina ya Quartz, inayotumia betri, mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, kwa hiyo saa yenye neno "Quartz" usoni haiwezi kuwa ndiyo ile babu aliyoinunua mwaka wa uhuru. Ama kumbukumbu imechanganya saa mbili, ama mashine imebadilishwa.

Tahadhari ya tarehe: usiibadilishe kwa kitufe wakati mishale iko kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Katika muda huo meno ya gurudumu la tarehe yameshashikana, na kulazimisha kunayavunja. Kwa kuwa saa iliyosimama haisemi kama ni usiku au mchana, ushushe kwanza mshale mfupi mpaka kwenye namba 6, ndipo uiguse tarehe.

Hatua ya 3: Soma uso wa saa

Jina la kampuni kwa kawaida liko juu, chini ya namba 12. Maneno mengine mengi usoni si majina. "Incabloc" ni kifaa cha kukinga mashine isiumie saa ikianguka, na kiliwekwa kwenye saa za kampuni nyingi za Uswisi. "17 Jewels" au "17 Rubis" ni idadi ya vijiwe vya rubi ya kutengenezwa vinavyobeba vyuma vinavyozunguka ndani, wala havina thamani ya kito. "Antimagnetic" na "Shockproof" ni sifa tu. Anayetafuta bei ya "saa ya Incabloc" atapata majibu ya saa isiyo yake.

Katika nyumba zetu majina yanayojirudia ni Seiko, Citizen na Orient za Japani, na Omega, Tissot, Longines, Roamer, Oris, Titoni na Rolex za Uswisi. Ukikuta Tudor yenye nembo ya Rolex kwenye kitufe, na mgongoni imeandikwa ni bodi ya Rolex, usiitupe ukidhani ni ya kughushi. Tudor ni ndugu wa Rolex, na Tudor nyingi za zamani zilivishwa bodi na vitufe vya Rolex. Herufi za Kirusi "Сделано в СССР" chini ya namba 6 maana yake imetengenezwa Muungano wa Sovieti, yaani si baada ya 1991. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliosoma Moscow tangu miaka ya 1960 walirudi na Poljot, Raketa au Vostok. Ni saa imara, ila nyingi bei yake sokoni ni ya chini, makumi ya dola.

Sasa tazama ukingo wa chini kabisa kwa kioo cha kukuzia. "T SWISS T" inaonyesha kuwa dawa ya kung'aa gizani ni ya tritiamu, iliyotumika kuanzia miaka ya 1960 mpaka karibu 1998. Kabla ya hapo ilitumika radiamu, madini yenye mionzi hatari, na hapa nataka usome kwa makini. Saa ya miaka ya 1930 mpaka 1950 yenye namba za kung'aa, mara nyingi zilizogeuka kahawia, inaweza kuwa na radiamu. Kwamba haing'ai tena hakumaanishi imeisha: kilichochakaa ni unga uliokuwa ukitoa mwanga, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa imefungwa vizuri haina hatari kubwa. Hatari ni vumbi lake kuingia puani na mdomoni, kwa hiyo usiifungue, usiukwangue uso, usiwape watoto waichezee, na mwambie fundi mapema.

Hatua ya 4: Soma mgongo

Seiko ndizo zinazonifurahisha zaidi katika hatua hii, kwa sababu zinajieleza zenyewe bila kufunguliwa. Mgongoni kuna namba mbili za tarakimu nne zilizounganishwa kwa kistari, mfano 6309-7040. Ya kwanza ni aina ya mashine, ya pili ni aina ya bodi. Kando yake kuna namba ndefu zaidi: tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo O ni Oktoba, N ni Novemba na D ni Desemba. Namba ikianza na 25, mwaka unaishia na 2 na mwezi ni Mei. Je, 1972, 1982 au 1992? Hapo namba ya mashine ndiyo inayoamua. Mashine ya 6309 ilitengenezwa kati ya 1976 na 1988, basi saa hiyo ni ya Mei 1982. Kwa dakika tano umejua mwezi na mwaka. Na hiyo 6309-7040, saa ya wapiga mbizi, ni moja ya Seiko zinazotafutwa sana, wakati Seiko 5 ya kawaida ya muongo uleule inauzwa sehemu ndogo tu ya bei yake.

Kwa Rolex, namba hazipo mgongoni. Zimechongwa kwenye ubavu wa bodi, katikati ya pembe zinazoshika mkanda: namba ya aina upande wa 12, namba ya saa yenyewe upande wa 6. Mkanda lazima utolewe na fundi ndipo uzione. Omega na Longines za zamani huficha namba zao ndani, kwenye mashine, kwa hiyo zinasubiri hatua inayofuata.

Kama saa ina rangi ya dhahabu, tafuta mhuri. 750 au 18K ni dhahabu ya sehemu 750 kati ya 1,000. 585 ni ya 14K. 375 ni ya 9K. Dhahabu ya 18K ya Uswisi ya kabla ya 1995 huwa na mhuri mdogo wa kichwa cha mwanamke. Ukikuta "20 Microns", "Gold Plated", "Rolled Gold" au "Gold Filled", ni dhahabu ya juu juu tu. Andiko linalodanganya wengi ni "Stainless Steel Back": linamaanisha mgongo tu ndio chuma kisichoshika kutu, na sehemu ya mbele ni madini ya kawaida iliyopakwa. Saa ya chuma kitupu huandikwa "All Stainless Steel" au "Stainless Steel" bila hilo neno "Back".

Maandishi ya kuchongwa yana habari zake. Zawadi ya kustaafu yenye herufi E.A.R. & H., yaani reli na bandari za Afrika Mashariki, imetolewa kati ya 1948, shirika lilipoundwa, na 1969, lilipogawanywa. Mshale mpana wenye ncha juu, wa aina ya unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya jeshi la Uingereza. Ukiambatana na herufi W.W.W., hiyo ni moja ya saa zilizoagizwa kwa kampuni 12 mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, na wakusanyaji wanazifukuzia zote 12, Grana ikiwa adimu kuliko zote. Familia yenye mzee aliyepigana Burma na King's African Rifles isipuuze kutazama.

Kwa wenye ndugu Muscat, kuna alama moja ambayo haifai kufutwa kamwe: jambia la Oman usoni au mgongoni. Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, aliagiza saa zenye nembo hiyo, za Rolex na za kampuni nyingine, akawazawadia maofisa na watumishi. Nembo ikiwa ya asili huizidisha bei ya saa mara kadhaa. Kwa sababu hiyohiyo zipo nyingi zilizopigwa chapa ya jambia baadaye, na hapo barua ya zawadi au picha ya mzee akiikabidhiwa ndiyo inayotenganisha kweli na uongo.

Majina ya kuchongwa yasiyojulikana hupunguza bei kiasi, lakini usiyafute. Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman ilikuwa na maneno ya mkewe mgongoni, "Drive Carefully Me", na mwaka 2017 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa ya babu haitafika huko, ila kusugua mgongo kunaondoa maandishi pamoja na umbo la bodi, na hapo mnunuzi anapata sababu mbili za kushusha bei.

Hatua ya 5: Ifunguliwe mbele yako

Nenda kwa fundi anayejulikana kwa saa za springi, siyo yule anayebadilisha betri tu. Kaa naye. Mwambie unataka ifunguliwe, isomwe na kupigwa picha, isitengenezwe. Ndani ya mfuniko kutakuwa na jina la kampuni na namba ya bodi. Kwenye mashine kutakuwa na jina, aina ya mashine na, kwa Omega au Longines, namba ya saa. Omega yenye namba ya milioni 20 hivi ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ikiwa uso unasema Omega na mashine haina jina hilo popote, umeshapata jibu usilolitaka. Kwa saa za kampuni ndogo, mashine mara nyingi ni ya A. Schild, FHF au ETA, waliouzia kila mtu, na hilo ni jambo la kawaida.

Ikibidi abaki nayo, andikiana naye namba ya mashine na mwachie nakala. Akibadilisha kipande chochote, kile cha zamani kirudi kwako hata kama kimevunjika. Fundi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo.

Hatua ya 6: Halisi, ya kuunganishwa, au ya kughushi

Watu huogopa saa za kughushi tu, lakini kwetu zilizojaa ni za kuunganishwa: bodi ya saa moja, uso wa nyingine, mishale ya tatu. Hazikutokana na hila kila mara. Vipuri vilikuwa havipatikani, fundi akaiokoa saa kwa alichokuwa nacho, na mzee akaendelea kuivaa. Sokoni hata hivyo bei inashuka, mara nyingi nusu au zaidi. Nchini India, hasa Mumbai, zipo Seiko 5 na HMT (saa za India) nyingi zilizopakwa nyuso mpya za rangi kali na kuuzwa mtandaoni kama za zamani. Nyingine zimefika huku.

Uso uliopakwa upya hujulikana kwa herufi nene zinazovuja kingoni, vistari vya dakika visivyolingana, au kukosa "Swiss Made" pale chini. Linganisha rangi ya dawa ya kung'aa kwenye mishale na kwenye namba: zilizaliwa pamoja, zinapaswa kuzeeka pamoja. Bodi iliyosuguliwa sana ina pembe za mviringo na mihuri iliyofifia.

Kwa Rolex ya zamani, mgongo wa kioo unaoonyesha mashine ni dalili mbaya sana. Mshale unaoruka kila sekunde pia, isipokuwa ni Oysterquartz, Rolex ya betri iliyoanza kuuzwa 1977. Usiamini uzito peke yake, wala maneno ya aliyeiuza.

Na usijione mjinga ukishindwa kuamua. Novemba 2021 kampuni ya minada ya Phillips ilipiga mnada mjini Geneva Omega Speedmaster ya 1957 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuwa ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Ikiwa saa yako inaonekana kuwa ya thamani kubwa, tumia kumbukumbu za kampuni: Longines wanaweza kutafuta namba yako katika daftari zao, na Patek Philippe hutoa cheti cha kumbukumbu kwa malipo.

Hatua ya 7: Pata bei

Bei anayoitaka muuzaji si bei ya saa. Tangazo linaweza kukaa miaka miwili na dola 3,000 zake bila mtu kuligusa. Kwenye eBay chuja zile zilizokwisha kuuzwa, na kwenye tovuti za Phillips, Christie's, Sotheby's na Antiquorum tazama matokeo ya minada, ambayo ni ya bure kusoma. Tafuta kwa namba ya aina uliyoisoma, si kwa jina tu. Chukua mauzo matano au sita ya hali inayofanana na yako, tupa la juu kabisa na la chini kabisa.

Ili usiende kichwa kitupu: Seiko 5 ya kawaida ya miaka ya 1970 huwa makumi ya dola, ikiwa safi kabisa mia na kidogo. Omega Seamaster ya chuma ya miaka ya 1960 huwa mamia ya dola, wakati mwingine elfu na zaidi. Rolex Datejust ya chuma ya enzi hiyo, ikiwa halisi, ni maelfu. Saa ndogo za kike, hata za kampuni kubwa, huuzwa chini sana ya za kiume. Naona ni dhuluma kwa kazi nzuri, lakini ndivyo soko lilivyo.

Toa hapo gharama za kusafirisha, ada ya mtandao au mnada, na matengenezo kama haitembei.

Kwa ya dhahabu kuna hesabu ya chini kabisa. Fundi aitoe mashine, bodi ipimwe peke yake. Bodi ya gramu 12 ya 18K ina gramu 9 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya siku. Hiyo ndiyo sakafu. Sonara atakupa sakafu au chini yake, kwa sababu anaenda kuiyeyusha. Kwa saa ndogo ya kike isiyo na jina, huenda hiyo ndiyo haki yake. Kwa Omega au Patek ya dhahabu, kuipeleka kwa sonara ni kuua kitu kisichorudi, na pesa nyingi ukaziacha mezani kwake.

Hatua ya 8: Kabla ya kuuza au kuivaa

Saa ya marehemu ni mali ya mirathi mpaka igawanywe, hata kama ilivuliwa mkononi mwake ukiwapo wewe peke yako. Msimamizi wa mirathi aiandike kwenye orodha ya mali pamoja na bei uliyoipata na picha zako. Warithi wakikubaliana, mmoja anaweza kuichukua na thamani yake ikahesabiwa ndani ya fungu lake, na huo ndio utaratibu ninaoupendelea, maana saa haikatiki vipande. Asiyekubali ana haki ya kutaka iuzwe. Mgogoro mwingi huzuka pale mmoja anapoivaa kimya kimya, na miaka mitatu baadaye mwingine anaona bei ya saa kama hiyo mtandaoni.

Mkiiuza, mpeni mnunuzi picha za ndani, semeni wazi kilichobadilishwa, na msiikabidhi kabla fedha hazijaingia. Mkiibakisha, isafishwe na kutiwa mafuta ndani na fundi kabla ya kuvaliwa kila siku, kwa kuwa mafuta yaliyokauka hufanya vyuma vilane. Mwelezeni fundi kwa maandishi: bodi isisuguliwe, uso usiguswe. Kwa wanaoishi pwani, iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishwe vikishalowa, na mkanda wa ngozi ukae nje ya kopo.